Kibofu cha Mama Benjamini

Tinde,
4 Februari 2024

Ritha,

Salamu sikuletei. Hizo utapewa na wanaokuheshimu, kama wapo huko Nkome.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu namba yako niliizuia siku ile uliponipigia kunitukana ukiwa umelewa, na sina mpango wa kuifungulia. Barua nimempa Edson, huyu dereva anayepitisha dagaa zenu kwenda Isaka. Ni mtu wa kanisani, hataisoma.

Mimi ni mke wa Ngassa wa ndoa ya kanisa. Nimemzalia watoto wanne, nimemlimia mpunga na pamba miaka yote ambayo yeye alikuwa anafukia ujana wake kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu huko Geita. Wewe ni mwanamke aliyemkuta mwaloni, kwa wavuvi, akitafuta pa kulala. Haya unayajua. Nayarudia ili ukumbuke nani anaongea na nani.

Sasa sikiliza ulichonifanyia. Tangu mvua za mwaka jana nakojoa damu. Mwanzo haikuuma. Zahanati wakasema kichocho, maana kwao kila mtu wa huku akikojoa damu ni kichocho. Nikameza vidonge, vikanilevya, damu ikaendelea. Wakasema ni U.T.I., nikachomwa sindano mpaka nikawa siwezi kukaa. Damu ikaanza kuja na vipande kama maini, mkojo ukafunga, nikapelekwa Mwanza kwenye hospitali kubwa. Huko walinipitishia kamera kwenye njia ya mkojo, vijana wanaosomea udaktari wamesimama wananitazama, mimi mama mtu mzima. Wakaona uvimbe, wakakata kipande. Daktari Marcel akasema kipande kinaonekana ni saratani mbaya, kwamba wataendelea kukipima lakini nijiandae: kibofu kitatolewa chote, na nitatembea na mfuko wa mkojo tumboni maisha yangu yote. Ngassa alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliangalia viatu vyake.

Nimekataa. Nimerudi nyumbani kwangu, na hapa ndipo nitakapofia. Watoto sijawaambia. Benjamini anafundisha Songea, mbali, na sitaki aache shule kuja kumtazama mama yake akinuka.

Na ugonjwa wa huko chini haudondoki kutoka angani. Ngassa analala kwako, halafu anakuja kwangu. Ulichokiokota kwa wavuvi umempa yeye, na yeye ameniletea mimi. Wewe una umri wa binti yangu lakini ndiye unayenizika.

Nikifa usikanyage Tinde. Hata kulia usilie, utanichafulia msiba.

Apolonia,
Mama Benjamini


Nkome,
11 Februari 2024

Mama Benjamini,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama yangu alinilea, siyo kwa sababu nasubiri marahaba.

Barua yako nimeisomea kwenye uanikaji, dagaa ziko chini na kunguru wako juu, na nimecheka mpaka wenzangu wakauliza nimepata nini. Una ndoa ya kanisa, hongera. Huyo mume wa ndoa ya kanisa ndiye huyu anayekoroma kitandani kwangu na soksi miguuni. Njoo umchukue na cheti chake.

Halafu rekebisha jambo moja. Mimi sinywi pombe. Siku ile nilikutukana nikiwa na akili zangu zote.

Ugonjwa wangu unaousema haupo. Nilipimwa kila kitu Desemba, niko salama. Na wewe Mwanza walikupima pia; wangekuta maradhi ya zinaa wangekuambia. Ila wewe umeshazoea kunichukia, na kila kinachokupata lazima kitoke kwangu. Jembe likikatika mpini, Ritha. Ng'ombe akitupa ndama, Ritha. Nikuulize, kabla sijazaliwa nani alikuwa anakuharibia mambo?

Lakini kuna kitu kwenye barua yako nimekirudia mara tatu na sikielewi. Unasema utakatwa kibofu. Kisu gani hicho?

Mwezi uliopita simu ya Ngassa iliita ikiwa kwenye chaji hapa kwangu, yeye akiwa duarani. Nikapokea. Mwanaume akauliza, "Wewe ni mke wa Ngassa?" Nikajibu ndiye mimi. Ulitaka nijibu nini? Akasema, "Mama, ni Daktari Marcel. Nina habari ya afadhali. Kile kipande tumekipeleka Dar es Salaam, wamekipima upya kwa dawa maalumu. Siyo ile saratani ya kibofu tuliyoifikiria. Ni limfoma. Ni saratani ya chembe za kinga, zile zinazokaa kwenye tezi na kwenye damu. Ni nadra sana kuanzia kibofuni, ndiyo maana ilitudanganya. Hatutakata kibofu. Hii tunaitibu kwa dripu, na mara nyingi dawa zinaiweza. Njoo haraka tu, maana inakua kwa kasi."

Nilisimama pale nimejishika tumbo nikidhani ni mimi. Mpaka aliposema, "Mama Apolonia, unanisikia?" ndipo nikashusha pumzi na kumwambia mwenye simu atapiga.

Ngassa aliporudi nikamweleza neno kwa neno. Akanijibu, "Nitampelekea habari mwenyewe. Mambo ya nyumba ile usiyaguse." Sikuyagusa. Sikuwa na haja ya kukimbilia Tinde kukupigia vigelegele. Nilidhani tangu siku ile uko Mwanza unawekewa dripu.

Nenda hospitali. Ukifa kwa ukaidi watu watasema wake za Ngassa hawana akili, na mimi watanihesabu humo.

Ritha


Tinde,
19 Februari 2024

Ritha,

Marahaba hupati.

Ngassa alikuwa hapa mwisho wa Januari. Alikula, akalala, akauza beberu wangu, akaondoka. Nilimuuliza kwa mdomo huu, "Wale wa Mwanza hawajapiga?" Akasema, "Hawajapiga. Wale wameshakata tamaa, Mama Benjamini. Kunywa hizo dawa za mizizi upumzike." Aliniwekea hata mto mgongoni, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu nimjue.

Sasa nimwamini nani? Mwanaume niliyeishi naye nusu ya umri wangu, au wewe?

Limfoma. Neno hilo umeliokota wapi? Linafanana na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na daktari gani anampigia mtu simu kumwambia kwamba alikosea? Mimi madaktari nimewaona. Wale hata wakikukanyaga mguu wanakuuliza kwa nini uliuweka hapo.

Najua unachokitafuta. Unataka nilazwe, nyumba ibaki wazi, wewe uhamie na masufuria yako yanayonuka samaki, uwe mama wa Tinde. Shamba langu la mpunga utaliingia na viatu vyako vya kisigino. Hutalipata. Nitakufa nikiwa nimelala kwenye kizingiti cha mlango.

Jana nilikojoa vipande mpaka nikapiga magoti chooni na nikashindwa kusimama. Jirani alinikuta akadhani nasali. Sikuambii unihurumie. Nakuambia ufurahi.

Apolonia


Nkome,
23 Februari 2024

Mama Benjamini,

Shikamoo.

Nyumba yako yenye bati la kutoboka siitaki, na mpunga mimi nanunua sokoni.

Jumanne nakuja na gari la Edson, tupande basi la Mwanza. Uwe umeoga, na kadi ya hospitali iwe mkononi. Ukinifungia mlango nitasimama uani nipige kelele mpaka Tinde yote ijue unaumwa wapi. Unajua naweza.

Ritha


Mwanza, wodini,
10 Machi 2024

Ritha,

Ulichonifanyia uani kwangu sitakusamehe. "Mama Benjamini anakojoa damu na ameng'ang'ania kufa! Njooni mumtazame mtu mzima anayeogopa dripu!" Watu waliacha palizi ya pamba wakaja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na tonge mkononi. Nilipanda basi kwa aibu tu, si kwa maneno yako. Kutoka Tinde mpaka Mwanza hatukusema neno, ila pale Shinyanga uliponunua chupa ya maji ukaniwekea mapajani kama mtu anayemwekea mbuzi pumba.

Lakini yale ya pale mapokezi nitayaandika, kwa sababu nikiyaacha kichwani yatanizidi ugonjwa.

Yule binti wa kompyuta alisoma kadi yangu, akatazama kioo chake, akatazama kadi tena. Akakuuliza wewe, siyo mimi, "Mmefuata nini? Huyu mgonjwa alifariki."

Ukasema, "Nani kasema?"

"Mume wake. Tulipompigia mara ya pili kuuliza kwa nini hajaletwa, akatuambia wameshamzika."

Wewe, mwenye mdomo wa kujaza soko zima, ulimwomba kwa sauti ndogo asome tena. Nilikugeukia nikaona mashavu yako yameanguka, nikajua kwamba hukujua. Hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kukuandikia leo.

Yule binti akaniuliza, "Na wewe mama ni nani yake?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye waliyemzika."

Daktari Marcel alikuja mbio, tai imepinda. Yale uliyoniandikia ndiyo hayo hayo aliyoyasema, hata neno lako la dawa ya ng'ombe. Nikamuuliza mbele yako nilichotaka kumuuliza: "Ugonjwa huu nimeletewa na mume wangu?" Akasema, "Hapana, mama. Hauambukizwi. Hautoki kwa mume, hautoki kwa mke mwenzako, hautoki kwa mtu yeyote. Chembe zako zenyewe zimekosea njia." Ulikuwa umesimama mlangoni, na nilikuona ulivyovimba kichwa. Basi. Lile la kwamba uliniletea ugonjwa nimelifuta. Mengine yote niliyokuandikia yanabaki kama yalivyo.

Baada ya wewe kuondoka waliniingiza kwenye mashine ya picha, mwili mzima. Wakanitoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho, waone kama ugonjwa umetembea. Haujatembea, uko kibofuni tu, umejenga humo kama mchwa. Benjamini nilimpigia mwenyewe. Alisafiri kutoka Songea, akalia hapa kitandani mpaka mgonjwa wa jirani akamwomba atoke. Bima yake ya ualimu inanihudumia, kwa hiyo kwa hilo sina shida na mtu.

Dripu ya kwanza nimeshawekewa. Zipo dawa kadhaa, moja ni nyekundu kama juisi ya rozela. Jioni ile nilikwenda chooni, nikatazama chini, nikaona mkojo mwekundu. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika kwenu ng'ambo ya ziwa. Nesi akaja akasema, "Mama, hiyo ni rangi ya dawa. Si nilikuambia asubuhi, ukanigeuzia mgongo?" Kweli nilimgeuzia. Alikuwa ananiita "bibi".

Muulize Ngassa alinizika wapi. Nikitoka nataka nikalitazame kaburi, nione kama angalau alinijengea kwa saruji.

Apolonia


Geita, machimboni,
21 Machi 2024

Mke wangu mpenzi Mama Benjamini,

Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo ukiendelea na matibabu, na Mungu akutie nguvu. Mimi mzima, ila maisha yamekuwa magumu tangu Ritha alipotupa nguo zangu nje, zikatua juu ya dagaa za watu.

Nasikia umekasirika kwa ajili ya lile neno. Tuelewane kama watu wazima. Siku waliyopiga mtandao ulikuwa mbaya, karasha zinaunguruma, mawe yanasagwa, mtu hasikii. Mimi nilisema "amelala". Wao wakasikia "amefariki". Hayo ya kuzika sijui waliyatoa wapi. Watu wa hospitali wanapenda kuongeza.

Na hata kama nilisema, wewe mwenyewe ulikataa kukatwa. Kwa mwanaume mwenye mambo mengi kichwani, mtu aliyeikataa hospitali ni kama ameshaaga. Niliona nisikusumbue na matumaini ya bure. Hayo ndiyo mapenzi yenyewe, ingawa wanawake hamyaoni.

Nimeambiwa nywele zimekatika zote. Usijali, mimi siangalii nywele.

Nina ombi dogo. Ritha amezuia mashine yangu ya kuvutia maji duarani, ameifungia stoo na dagaa. Duara limejaa maji na vijana wamekaa bure. Naona siku hizi mnaelewana. Mwambie anirudishie.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Ngassa


Nkome,
2 Aprili 2024

Mama Benjamini,

Shikamoo.

Nimeisoma barua ya mumeo uliyonitumia. Nilidhani nimeshamjua, kumbe nilikuwa nimemjua kiatu kimoja tu. "Amelala"! Mtu akilala hospitali inaacha kumtibu? Mashine simpi. Mwambie aingie duarani na kikombe.

Nilipomtupia nguo nilimuuliza alikuzika wapi. Alikuna shingo akasema, "Nilisema tu." Nikamuuliza, wewe unaweza kusema tu kwamba mama wa watoto wako amekufa? Akasema, "Ritha, wewe ni mtu wa mwaloni, haya mambo huyaelewi." Nikachukua na redio yake nikaiongeza kwenye nguo.

Ila nakwambia, mwanaume yule mvivu. Hawezi hata kutunga uongo bila kuutumia mahali. Mtu hazui kifo bure. Kuna kitu anatuficha, na safari hii hakiko kwangu.

Edson analeta dagaa wa kukaanga, wakubwa, siyo wale tunaowauzia wenye kuku. Daktari alikuambia ule, basi kula. Usinishukuru, walikuwa wamebaki. Na maji unywe, uache kulalamika kwamba yanakupeleka chooni. Si ndiyo kazi ya kibofu ulichokuwa unataka kufa nacho?

Umesema mdomo umechubuka na chakula kina ladha ya sarafu. Sukutua kwa maji ya chumvi. Umesema pia unaonekana kama mzee wa kanisa aliyenyolewa. Hilo nimelifurahia, sitakudanganya.

Ritha


Isaka,
18 Juni 2024

Kwa Familia ya Marehemu Apolonia,
Tinde

Bwana asifiwe, ndugu zangu.

Hamnifahamu. Naitwa Hosiana, ni mjane, nina mgahawa karibu na bandari kavu ya Isaka, madereva wengi wananifahamu. Nawaandikia kwa unyenyekevu kuwapa pole kwa kuondokewa na dada yetu Apolonia.

Ndugu Ngassa amenieleza jinsi alivyomuuguza mkewe kwa mikono yake mwenyewe, saratani ya kibofu ikimtesa, mpaka akamfia kifuani mwezi wa kwanza. Alilia mbele ya wateja wangu. Nilisema, mwanaume anayemlilia mke hivi ni wa nadra. Kwa kweli maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimkubali alipoomba tuoane, maana tangu mwaka jana alikuwa akinisemesha nami nikimjibu kwamba mwenye mke simtaki.

Wazee wa kanisa langu hawatatangaza ndoa mpaka ndugu wa marehemu wathibitishe kwamba matanga yameondolewa na hakuna neno. Ndugu Ngassa anasema nisiwasumbue kwa kuwa bado mna uchungu. Lakini mimi nimeona si adabu kuingia kwenye nyumba ya watu kimyakimya.

Nisameheni kama nimetonesha kidonda. Dereva Edson atanirudishia majibu. Nilipompa barua hii na kumtajia jina la marehemu alikohoa sana, nadhani ni vumbi.

Wenu katika Kristo,
Hosiana


Tinde,
25 Juni 2024

Hosiana,

Barua yako ya rambirambi imefika, na nimeipokea mwenyewe. Mimi ndiye Apolonia.

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kwa sababu dripu ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita na miguu bado inawaka moto. Nywele sina, kucha zimekuwa nyeusi, lakini kufa sijafa. Kibofu changu ninacho. Kifua ulichoambiwa nilifia sijakiona tangu Januari, alipopita hapa kuuza beberu.

Nisikilize, maana mwenzako mmoja alinieleza ukweli nikamwita mwongo, na ilibaki kidogo niwe kweli huyo marehemu wako. Daktari aliwapigia simu kwamba naweza kupona. Ngassa akajua. Akaja hapa, akanywa uji wangu, akaniambia hakuna aliyepiga. Walipompigia tena akawaambia ameshanizika. Nilikuwa nikijiuliza miezi yote hii ni kwa nini, maana hata mtu mbaya huwa na sababu. Sasa umeniletea sababu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri: mwenye mke ulikuwa humtaki.

Sikuchukii. Kumchukia mtu kunataka nguvu, na zilizobaki nazitumia kupanda ngazi za hospitali. Lakini nakushangaa. Mwanamke mwenye mgahawa, anayeona wanaume wa kila aina wakishuka kwenye malori, anaona mmoja analia juu ya sahani ya wali anasema huyu ndiye. Mayu, mama wee! Hata mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipodanganywa.

Mnamo Julai nitapitishiwa kamera tena, waone kama uvimbe umekwisha. Jumamosi ya kwanza ya Agosti njoo Tinde. Uliza nyumba ya Mama Benjamini, wote wanaijua, kuna mwanamke alishaitangaza kwa kelele. Usimwambie Ngassa kwamba nimekujibu. Mwambie tu familia imekubali, na inawaita wote wawili kumaliza matanga.

Apolonia,
wa kwake mwenyewe


Tinde,
9 Agosti 2024

Ritha,

Uliniandikia kwamba hutakuja kwa sababu dagaa zimefurika na huna muda wa kumtazama Ngassa tena. Umekosa.

Kwanza la kamera. Daktari Marcel aliipitisha, safari hii kwa adabu, kanga juu na vijana nje. Akazunguka nayo humo ndani, mimi natazama dari nikihesabu makosa yako ili nisiogope. Akasema, "Mama, pamesafika. Naona kovu tu pale uvimbe ulipokuwa." Picha ya mwili nayo haikuonyesha kitu. Nitarudi kila baada ya miezi mitatu, maana ugonjwa huu unaweza kujaribu tena, na ukijaribu watauona mapema. Nilimuuliza kama siku ile ningekubali kukatwa ingekuwaje. Alivua miwani akasema wangekuwa wameondoa kibofu ambacho hakikuhitaji kuondolewa. Sikumwambia pole. Alikuwa anaitaka, nikamnyima.

Sasa Jumamosi. Hosiana alitangulia, mwanamke mnene, msafi, ana kitenge cha msiba na kapu la mchele. Aliponiona mlangoni na kilemba changu alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake chote. Kumbe barua yangu aliiamini nusu tu. Nikamletea maji.

Ngassa alikuja saa saba, amevaa suti ile ya harusi ya binti yetu. Aliposikia familia inamaliza matanga alidhani dripu zimenishinda, nimekufa kweli. Majirani nilikuwa nimewaita, na mwenyekiti wa kitongoji, safari hii ameshakula. Ngassa akaingia uani uso umekunjwa kwa huzuni, ananyoosha mkono kwa kila mtu, "Tumshukuru Mungu, tumshukuru Mungu," mpaka mkono wake ukafika kwangu. Nikaupokea. Nikamwambia, "Pole kwa msiba."

Ritha, nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga usiku wote wa homa na kutapika. Nilipomwona pale, jasho linamtoka kwenye kola, macho yanatafuta mlango, yote yakaniishia. Nilimwona mdogo. Nilijiuliza huyu ndiye niliyemgombania na wewe?

Hosiana ndiye aliyesema. Aliinuka, akajikung'uta, akamuuliza kwa sauti ya kanisani, "Ndugu Ngassa, marehemu ni yupi kati ya hawa?"

Akasema, "Mambo haya yana historia ndefu."

Mwenyekiti akasema, "Tuna muda."

Hakuwa nao yeye. Alisema anakwenda kuitazama pikipiki barabarani isije ikaibiwa. Pikipiki hakuja nayo, alikuja na basi. Tulimwona akipita kati ya mashamba na suti yake mpaka akafika kwenye lami, akasimamisha lori linalokwenda Kahama, likamchukua. Hakuna aliyemfuata. Mke wa mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini.

Benjamini ameshaongea na mapadri na ustawi wa jamii jinsi ya kutenganisha mali. Shamba la mpunga ni langu, nililipata kwa baba yangu, hilo halina mjadala. Mashine ya maji usimpe. Uza.

Hosiana alipika. Namchukia kwa jinsi anavyojua kupika. Tulikula wali na dagaa zako, tukanywa chai, na chai yake ni ya watu wa malori, kikombe kama ndoo. Nikainuka kwenda chooni. Nilifanya haraka kama zamani, nikiwa nimefumba macho, maana nilikuwa nimeshazoea kutotazama. Halafu nikafumbua.

Ilikuwa maji tu, Ritha. Ya njano kidogo, ya mtu aliyekunywa chai. Hayaumi, hayana vipande, yanakwenda yenyewe yanakwisha yenyewe. Nilibaki nimeinama pale natazama shimo la choo kama mwendawazimu, machozi yananitoka, mpaka Hosiana akaita kutoka jikoni, "Dada, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Nikamwambia aongeze maji kwenye birika.

Apolonia